Kabla ya kubonyeza kalamu: namna ya kutumia sindano ya kibayolojia kutibu soriasisi ya mabaka

Kuchoma sindano yenyewe, ile inayokuja ndani ya kifaa chenye umbo la kalamu, ni kazi ya sekunde kumi. Mtu akioneshwa na muuguzi mara moja au mbili, huweza kujichoma mwenyewe nyumbani akiwa amekaa kitandani. Kinachowashinda wengi ni yale yanayoizunguka: vipimo vya mwanzo, friji, safari, pesa ya mwezi wa tano, na homa inayozuka siku ileile ya sindano. Kwa hiyo maneno mengi hapa yatakwenda huko, na machache yatabaki kwenye sindano.

Katika sindano za kibayolojia, yaani dawa zinazotengenezwa kwa kutumia seli hai, nimeichukua adalimumabu kuwa mfano, ile iliyoanza kuuzwa kwa jina la Humira. Marekani iliiruhusu kwa soriasisi mwaka 2008, baada ya kuitumia miaka kadhaa kwa baridi yabisi, na tangu kampuni ya Zydus ya India ilipotoa nakala yake ya kwanza mwaka 2014 zimefuata nakala nyingi zilizoidhinishwa na zenye bei ya chini kuliko ya mwanzo. Ndiyo maana kwa msomaji wa Afrika Mashariki huwa rahisi kuifikia kuliko dada zake wapya. Pia ni ya kundi linalodai tahadhari kubwa zaidi ya kifua kikuu, kwa hiyo ukijua kuishi nayo, nyingine hazitakusumbua.

Je, hii ni dawa yako?

Soriasisi haitokani na uchafu, haiambukizi kwa kugusana wala kwa kulala kitanda kimoja, na si fangasi. Ni kinga ya mwili inayokosea. Seli za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua karibu mwezi mzima kukomaa na kupukutika husukumwa juu kwa siku chache tu, zikarundikana, na baka likanenepa na kutoa magamba. Adalimumabu hukamata kemikali moja ya mwili iitwayo TNF, inayochochea moto huo. Dawa nyingine za kibayolojia hukamata kemikali tofauti: sekukinumabu hushika IL-17, guselkumabu na risankizumabu hushika IL-23, na ustekinumabu hushika IL-12 na IL-23 kwa pamoja. Zote ni protini, ndiyo sababu huchomwa: ukizimeza tumbo litazimeng'enya kama chakula.

Kwenye ngozi nyeusi baka mara nyingi huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, wala si jekundu kama kwenye picha nyingi za vitabu. Wengi hupewa dawa za fangasi kwa miaka kwa sababu hiyo. Kama hakuna mtaalamu wa ngozi aliyethibitisha ugonjwa, na ikibidi kwa kukata kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara, usikimbilie sindano. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikitoa wataalamu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na hata kliniki ndogo ya mkoani huweza kuwa na mtu aliyepita hapo. Anza kwake, yeye atajua akupeleke wapi.

Sindano ya kibayolojia si hatua ya kwanza. Kwanza hupita dawa za kupaka zenye steroidi na zile za jamii ya vitamini D kama kalsipotrioli, kisha tiba ya mwanga wa UVB pale ilipo, kisha methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu. Mgonjwa anayehamia kwenye sindano ni yule ambaye hizo zimemshinda au zimemdhuru, na ugonjwa wake ni mzito. Ili kupima uzito huo nyumbani, tumia kiganja chako pamoja na vidole kuwa kama asilimia 1 ya ngozi yako yote. Madaktari wengi huhesabu asilimia 10 na kuendelea kuwa soriasisi kali, lakini mabaka machache usoni, viganjani, nyayoni au sehemu za siri nayo yanatosha kuitwa makali, maana yanamzuia mtu kufanya kazi na kulala na mwenzake.

Usisahau viungo. Hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi hupata pia ugonjwa wa maungio: vidole vinavyokakamaa asubuhi, kidole kizima kuvimba, kisigino kuuma bila kuumia. Mwambie daktari hata kama hakuuliza, kwa sababu adalimumabu hutibu vyote viwili na jambo hilo huweza kuamua uchaguzi wa dawa.

Neno moja kali kabla hatujaendelea. Kama umekuwa ukimeza prednisoloni au deksamethasoni ya duka la mtaani, au ukichanganyiwa krimu yenye klobetasoli (steroidi kali ya kupaka) na yale mafuta ya kung'arisha ngozi, sema. Steroidi za kumeza hupoza soriasisi kwa muda, na ukiziacha ghafla ngozi inaweza kulipuka mwili mzima, ikawa nyekundu na ya moto au ikajaa usaha. Daktari anayekuanzishia sindano bila kujua hilo anafanya kazi gizani.

Vipimo: hapa usikubali njia ya mkato

TNF ndiyo inayosaidia mwili kuwafungia wadudu wa kifua kikuu wasisambae. Mtu anaweza kuwa nao wamelala mapafuni kwa miaka ishirini asikohoe hata mara moja, halafu sindano ikawafungulia mlango. Katika nchi zetu, ambako karibu kila familia imewahi kuwa na mgonjwa wa TB, hiki ndicho kipimo ambacho mimi nisingekubali kukiruka kwa kisingizio chochote.

Utafanyiwa eksirei ya kifua na kimojawapo kati ya vipimo viwili. Cha Mantoux ni sindano ndogo mkononi inayosomwa baada ya saa 48 hadi 72, na tatizo lake ni kwamba chanjo ya BCG uliyopewa utotoni, ile iliyoacha kovu begani, inaweza kukifanya kionekane chanya bila sababu. Cha damu, kiitwacho IGRA, hakidanganywi na BCG, ila ni ghali na hakipo kila mahali. Mtu mwenye kinga dhaifu anaweza kupata majibu hasi kwa vyote viwili ilhali anao wadudu, ndiyo maana daktari mzuri hukuuliza pia kama uliishi na mtu aliyekuwa na TB. Mjibu kweli. Ukikutwa na TB iliyolala hukosi sindano. Unapewa kwanza dawa za kuzuia, ama isoniazidi kwa miezi sita, ama ule mseto wa rifapentini na isoniazidi unaomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na kwa kawaida sindano huanza baada ya angalau mwezi mmoja wa dawa hizo.

Vipimo vingine huenda kwa damu moja: homa ya ini B na C, virusi vya UKIMWI, wingi wa damu, ini na figo. Homa ya ini B isiyo na dalili inaweza kuamka vilevile kama TB, na dawa kama tenofoviri huizuia. Kuhusu VVU, soriasisi iliyolipuka ghafla na kwa ukali kwa mtu ambaye hakuwa nayo huweza kuwa ndiyo ishara yake ya kwanza, na mara nyingine ARV zenyewe hupunguza mabaka sana. Aliye na VVU na virusi vimefubazwa hazuiwi moja kwa moja kutumia dawa ya kibayolojia, ila uamuzi huo ni wa daktari wa ngozi na kliniki ya ARV wakiwa wameongea.

Waeleze pia kama una moyo unaoshindwa kusukuma damu, au wewe au ndugu wa karibu ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao multiple sclerosis. Hao adalimumabu kwa kawaida haiwafai. Kwa upande wake, mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo wa Crohn atakwepeshwa dawa za IL-17 kama sekukinumabu, wakati adalimumabu hutibu hata huo utumbo.

Chanjo kwanza, sindano baadaye

Ukishaanza, chanjo zenye virusi au bakteria hai ni marufuku: homa ya manjano, surua, tetekuwanga, BCG na polio ya matone. Za mafua, nimonia, homa ya ini B na pepopunda hazina shida, na ni vizuri kuzipata mapema.

Homa ya manjano ndiyo inayowanasa wasafiri wa kwetu. Mfanyabiashara anayetoka Kampala kwenda Kariakoo au Zanzibar huulizwa kadi mpakani. Kama hujachanjwa na unajua unasafiri, chanjwa sasa, subiri muda utakaoambiwa na daktari, kisha anza dawa. Tangu Julai 2016 kadi ya homa ya manjano inatambulika kimataifa kwa maisha yote, kwa hiyo ukiwa nayo ya zamani usidanganywe urudie. Na kama ulikwisha kuanza sindano bila kuchanjwa, omba kliniki ikuandikie cheti cha msamaha wa kitabibu, ukijua kwamba cheti hicho hakikulindi na mbu.

Hesabu ya mwaka, si ya mwezi

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wauzaji hawatalipenda: kama una pesa ya kalamu mbili tu, usianze. Ukitumia adalimumabu kidogo, ukaacha, ukarudi, mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe, na siku utakapopata pesa ya kuendelea itakuwa haikufanyii kitu. Uliza bima yako kwa maandishi kama inalipia, inalipia jina gani la dawa, na kibali kinaisha lini. Halafu piga hesabu.

Kwa soriasisi, dozi ya adalimumabu kwa mtu mzima ni hii: siku ya kwanza miligramu 80, yaani kalamu mbili za 40, wiki moja baadaye miligramu 40, kisha miligramu 40 kila baada ya wiki mbili. Ni kama kalamu 28 kwa mwaka wa kwanza. Linganisha na nyingine kabla ya kuamua, maana ile inayoonekana ghali kwa sindano moja huweza kuchomwa mara chache sana. Ustekinumabu huchomwa wiki ya 0, ya 4, kisha kila wiki 12. Risankizumabu vivyo hivyo. Guselkumabu wiki ya 0 na ya 4 kisha kila wiki 8. Sekukinumabu kila wiki kwa wiki tano za mwanzo, kisha kila mwezi. Kwa mtu anayeishi mbali na mji, sindano nne au tano kwa mwaka zinaweza kumpunguzia nauli na mashaka ya friji kuliko unavyodhani.

Nunua mahali penye friji inayoonekana na risiti. Hakikisha dawa imesajiliwa na mamlaka ya nchi yako, TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Ile ya kuletewa na shemeji kutoka Mumbai au Dubai inaweza kuwa halali kabisa kiwandani na bado ikawa imekufa njiani, na hilo linatuleta kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote.

Baridi

Dawa hii inataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi siku unapoitumia. Chini ya sifuri inaharibika, na uharibifu huo haurudi. Kwenye joto kali inaharibika pia, polepole. Ubaya wake ni kwamba kalamu iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana safi kama maji ya chupa. Macho yako hayatakuokoa. Iliyoganda tupa, hata kama imekuuma mfukoni.

Nyumbani, iweke rafu ya katikati, ndani ya boksi lake ili mwanga usiipige. Usiiweke mlangoni, ambako joto hupanda kila mtoto anapochukua maji, wala usiigusishe na ukuta wa nyuma au karibu na friza, ambako barafu hujitengeneza. Kipimajoto kidogo cha friji ni kati ya vitu vya bei nafuu utakavyonunua katika safari hii yote. Kama friji ni ya familia kubwa au ya dukani panapouzwa soda, weka boksi ndani ya kopo lenye kifuniko na uandike jina lako.

Umeme ukikatika, funga friji na uiache imefungwa. Kwa kawaida huhifadhi baridi kwa kama saa nne usipoifungua. Mgao ukiwa mrefu zaidi, hamishia dawa kwenye kikasha cha baridi chenye vibarafu, lakini funga boksi kwa kitambaa kinene ili barafu isiligandishe. Mtungi wa udongo hautoshi. Maji yake ni baridi mdomoni, ila hayashuki hadi nyuzi 8, na kwenye unyevu wa pwani hubaki mbali nazo.

Karatasi ya maelezo ya Humira inasema kwamba inaweza kukaa nje ya friji kwa hadi siku 14, mradi joto lisizidi nyuzi 25, na ikishatolewa hivyo itumike ndani ya siku hizo hata kama imerudishwa kwenye baridi. Watu husoma "joto la chumba" wakatulia. Chumba gani? Cha Mbeya au Nairobi mwezi wa Julai, sawa. Cha Tanga, Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa nane mchana, chini ya bati, kimepita 30 zamani. Kwa mkaaji wa pwani ruhusa hiyo ni kama haipo, mpaka awe na kiyoyozi kisichozimwa. Nyingine ni vumilivu zaidi: sekukinumabu huvumilia hadi nyuzi 30 kwa siku 4, na ustekinumabu ya Stelara hadi nyuzi 30 kwa siku 30. Nakala za kampuni tofauti zina ruhusa tofauti, kwa hiyo soma karatasi ya boksi uliloshika mkononi. Siku unapolitoa nje, andika tarehe juu ya boksi kwa kalamu ya wino.

Safarini, kwenye basi, kikasha kipakate au kiweke miguuni; buti la basi ni tanuri. Kwenye ndege kibebe mkononi pamoja na barua ya daktari, kwa sababu kwenye shehena ya mizigo panaweza kuganda. Na ukimwagiza mtu, mwambie mapema kwamba hilo si boksi la kusahau kwenye sanduku mpaka Jumapili.

Siku ya sindano

Kalamu za kampuni mbalimbali hazifanani. Nyingine zina kitufe cha kubonyeza, nyingine hujichoma zenyewe unapozikandamiza kwenye ngozi. Mara ya kwanza fanya mbele ya muuguzi, na kila unapobadilishiwa chapa omba uoneshwe upya. Uliza pia kama yako ina sitrati, kiambato kinachoongezwa kwenye maji ya dawa: zenye sitrati huwasha zaidi zinapoingia, zisizo nayo wengi hawazisikii sana.

1. Jikague kwanza wewe. Una homa, kikohozi, jipu, maumivu ya mkojo, kidonda kinachotoa usaha? Acha, piga simu kliniki. Kuchelewa siku chache ni afadhali kuliko kuchoma juu ya maambukizi.

2. Toa kalamu kwenye friji na uiache mezani, ikiwa na kofia yake, dakika 15 hadi 30. Dawa ya baridi huuma. Usiipashe kwa maji ya moto, jua wala jiko, na usiitikise.

3. Soma jina, miligramu na tarehe ya mwisho. Tazama kwenye kidirisha cha kalamu: maji yawe angavu, yasiyo na vipande vinavyoelea wala ukungu. Kiputo kidogo cha hewa hakina neno.

4. Nawa mikono kwa sabuni. Chagua mbele ya paja au tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni. Epuka mahali penye baka, kovu, alama ya kugongwa au pagumu, na usogee angalau sentimita mbili na nusu kutoka ulipochoma mara iliyopita. Mwenye mabaka mengi huona kama hakuna mahali palipobaki. Tafuta kwa subira, ngozi nzima ipo. Safisha kwa pamba ya spiriti na uache ikauke yenyewe.

5. Vua kofia wakati uko tayari, na usiirudishe tena. Finya ngozi taratibu kwa mkono mmoja, simamisha kalamu wima juu yake, kisha bonyeza. Ukitumia bomba la sindano badala ya kalamu, ingiza kwa mlalo wa nyuzi 45.

6. Utasikia mlio. Huo ndio mwanzo, na hapa ndipo wengi huinua mkono wakidhani wamemaliza. Endelea kushikilia, hesabu polepole hadi kumi au kumi na tano kadiri karatasi inavyosema, mpaka alama ya rangi ijaze dirisha na itulie.

7. Inua, weka pamba kavu, usisugue. Tone moja la dawa kwenye ngozi ni kawaida. Ukiona imemwagika na kutiririka, dozi haikuingia yote. Usichome nyingine kwa kukisia, uliza kliniki.

Kalamu iliyotumika itumbukize kwenye galoni gumu la plastiki lenye kifuniko, mbali na watoto, na likijaa robo tatu lipeleke hospitali watie pamoja na taka zao zenye ncha. Usitupe chooni wala jalalani, kuna watu wanaookota kwa mikono.

Mnaofunga Ramadhani hamna haja ya kuacha dozi. Wanazuoni wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, na mwenye shaka achome baada ya futari. Dawa hii haijali saa, inajali siku. Ukisahau dozi, choma mara utakapokumbuka, kisha urudi kwenye tarehe yako ya awali bila kusogeza kalenda nzima. Usichome mbili kufidia.

Homa, na dalili ambazo hazisubiri

Tabia yetu ya kusema "ni malaria tu" ukishakuwa kwenye dawa hii ni hatari. Pima malaria, ndiyo, lakini kipimo kikiwa hasi usiishie kumeza dawa mseto ukalala. Mwambie kila mhudumu, hata wa zahanati ya kijijini, kwamba unatumia dawa inayopunguza kinga. Piga picha ya boksi uwe nayo kwenye simu. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, tezi zinazovimba shingoni: hizo ni za kupeleka kliniki ya TB wiki hiyohiyo. TB ya watumiaji wa dawa za TNF hupenda kutokea nje ya mapafu, kwa hiyo eksirei safi pekee isikutulize.

Uso au ulimi ukivimba na pumzi kubana baada ya sindano, nenda hospitali mara moja. Miguu inayovimba na kuishiwa pumzi, ganzi mpya, au macho yanayofifia navyo haviwezi kusubiri tarehe ya kliniki. Wekundu na mwasho mdogo pale ulipochoma ni kawaida na huisha kwa siku chache. Kuna kichekesho kibaya pia: mara chache adalimumabu yenyewe huleta vipele vya usaha viganjani na nyayoni, vinavyofanana na soriasisi mpya. Usiongeze dawa, mwoneshe daktari. Wanaotumia sekukinumabu waangalie utando mweupe mdomoni, ambao ni fangasi na hutibika kwa urahisi.

Mama mjamzito au anayepanga ujauzito ana mazungumzo yake na daktari, na zipo chaguo, mojawapo ni sertolizumabu, ambayo kwa sehemu kubwa haivuki kondo la nyuma. Nisisitize moja tu: mtoto aliyezaliwa na mama aliyechomwa adalimumabu katika miezi ya mwisho huzaliwa na dawa hiyo mwilini. Wodini kwetu BCG na matone ya polio hutolewa siku za mwanzo kabisa, kwa mazoea, bila swali. Mtoto huyo asichomwe BCG mpaka daktari aseme, na kwa kawaida husubiri miezi sita au zaidi. Andika maneno hayo kwa wino mwekundu juu ya kadi ya kliniki ya mama, na mweleze atakayekusindikiza kujifungua, maana wewe siku hiyo hutakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Itajulikanaje kama imefanya kazi?

Magamba hupungua kwanza, mara nyingi ndani ya wiki nne, kisha unene. Tathmini ya haki ni wiki ya 16. Katika utafiti mkubwa wa adalimumabu, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa wamepata nafuu ya angalau asilimia 75 kufikia wiki hiyo. Risankizumabu, ambayo ni mpya, ilifikisha karibu robo tatu ya wagonjwa kwenye nafuu ya asilimia 90.

Kwa ngozi nyeusi, pima kwa kidole kabla ya jicho. Baka likipona huacha doa jeusi au jeupe linaloweza kukaa miezi mingi, na wapo wanaoliangalia kwenye kioo wakaamua dawa imeshindwa, wakaacha. Pitisha kidole: kama ni laini na sawa na ngozi ya jirani, soriasisi imeondoka hapo na kilichobaki ni rangi. Piga picha mahali palepale, kwa mwanga uleule wa dirisha, siku ya kwanza na kila mwezi, umpelekee daktari. Na usikimbilie krimu za kung'arisha ili kufuta madoa hayo. Umetoka mbali mno kurudi kwenye klobetasoli.

Ikiwa wiki ya 16 bado unene upo, au ilifanya kazi mwaka mzima halafu ikalegea, kuhamia kundi jingine la dawa ni jambo la kawaida na mara nyingi huleta matokeo. Usichanganye mbili kwa siri ukingoja ipi itashika. Kalamu zilizobaki za dawa ya zamani rudisha famasi, na jirani mwenye baridi yabisi akikuomba kwa sababu amesoma kwamba ni ileile aliyoandikiwa binamu yake, mnyime. Yeye hajapimwa TB.